Nyama Husubiriwa, Samaki Huwahiwa

Mwanangu Masanja,

Barua hii uitunze vizuri, maana mtu anayekuandikia si mtu mdogo. Kuanzia Sapiwi mpaka Lagangabilili, kabla yangu mimi mjomba wako, hakukuwa na mtu aliyejua kichwa cha samaki kiko upande gani. Mimi ndiye niliyewaleta. Sangara wa kwanza kuingia hapa aliingia kwa baiskeli yangu, nimemfunga kwenye keria, mkia unaburuzika chini kutoka Lamadi mpaka nyumbani, na ule mstari alioukwangua barabarani ndio walioufuata watu wa barabara walipokuja na greda. Wakikuambia walipima kwa mitambo, wewe nyamaza. Cheka moyoni.

Salamu sikupi, tumeachana mlangoni jioni hii. Wala sitakuandikia yale ya kila siku, kwamba uamke mapema, usiazimishe baiskeli, umwogope Mungu. Hayo mke wangu Minza, mama aliyekulea, amekuambia mpaka ukajifanya unafunga mzigo ambao ulikuwa umeshafungwa. Amepita hapa sasa hivi na koroboi.

"Unaandika nini muda wote huo?"

"Mambo ya serikali."

"Serikali gani inaandikiwa na mtu wa darasa la nne?"

Nikamwambia serikali hiyohiyo, kama haijui kusoma si kosa langu. Ameondoka. Lakini amesimama nyuma ya mlango, nasikia kanga yake. Kwa hiyo naandika polepole.

Nakuandikia habari ya kupika samaki. Usicheke. Kesho lori la pamba linakuchukua wewe na mkeo Holo na mtoto mpaka Mkula, ukapime pamba ya yule tajiri mpya. Huyo tajiri sina imani naye. Zamani pamba ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, ikiharibika tulijua tumlaumu nani. Sasa soko limefunguliwa, kila mwenye lori na mizani ni mnunuzi, na mtu anayetabasamu kabla hujamsalimia mimi namhesabia meno. Lakini hayo ni yako, wewe ni mtu mzima. Mimi ninayemwazia ni huyo mtoto, Kabula.

Yule nesi wa kliniki alinivuta pembeni siku ile, wewe ulikuwa unafungua baiskeli. Alimshika Kabula nywele, zimeanza kuwa nyekundu kama ndevu za mahindi, akasema, "Babu, mtoto huyu ameachishwa ziwa akapewa uji mtupu. Akipata homa moja kubwa, hana akiba mwilini." Akasema maziwa, mayai, samaki. Nikamwangalia kwanza, maana siku hizi hata nesi huwezi kujua katumwa na nani kuuza nini. Lakini hakuwa anauza kitu. Maziwa tangu ukame ng'ombe wetu wamekauka. Kuku wale wamekufa kwa kideri. Nyama tunaiona mnadani na msibani. Amebaki samaki, na Mkula na Lamadi ya ziwani ni pua na mdomo, samaki wanashuka kila siku.

Sasa shida ni nyumba yako yenyewe. Holo amekulia kwenye zizi kule Itilima, kwao wanasema mtu mwenye ng'ombe hali nyoka wa majini. Akisikia harufu tu anatoka nje na kanga puani. Mtoto anamwangalia mama, naye anafunga mdomo. Na wewe, Masanja, watu wote unawaambia samaki ni mzio wako. Mzio! Mimi ndiye niliyekulea, najua mzio wako ulitoka sufuria gani.

Ulikuwa mdogo, umekuja kwetu baada ya dada yangu kufariki. Nikaleta sato wazuri kutoka Lamadi, nikamwambia Minza, pika. Akauliza anapikaje. Nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyetembea: samaki ni nyama, inapikwa kama nyama. Basi akambandika mchana ng'ombe wakiwa bado malishoni, akachochea, akaongeza maji, akachochea. Kila akitaka kuipua namwambia, bado, nyama ngumu haina huruma. Ng'ombe walirudi, wakafungwa, tukaketi. Tukafunua. Samaki hayupo! Kuna supu nyeupe kama chokaa, na chini mchanga wa miba. Nikasema ndiyo inavyotakiwa. Nikakuchotea wewe kwanza kwa kuwa ni yatima.

Mwiba ukakaa kooni. Tukakupa tonge kavu ulimeze, haukwenda. Minza akakupiga mgongoni, haukwenda. Nikakubeba begani, nikakimbia mpaka zahanati, na watu wa njiani mpaka leo wanasema waliona vumbi tu, baiskeli mbili nilizipita. Mganga akauchomoa kwa kijikoleo. Nilitangaza kwamba ulikuwa mwiba wa kama msumari wa inchi nne. Ulikuwa kama sindano ya kushonea vifungo, na kidogo kuliko hiyo.

Nikamlaumu samaki. Nikamlaumu Minza. Nikamlaumu Bwire, yule mtu wa ziwani anayekuja na tenga kwenye baiskeli, kwamba ameniuzia samaki wa miba mingi makusudi kwa sababu mimi ni Msukuma. Kumbe kosa ni moto. Nyama ya ng'ombe inasubiriwa, samaki anawahiwa. Ukimsubiri anakuacha na mifupa yake.

Na hilo sikulijua kwa akili, nililijua kwa kushuku. Nilikuwa Lamadi, nimepeleka ngozi, nikaingia kwa mama ntilie mmoja kula. Nikaagiza wali na maharage, yamekwisha, akaniambia kuna sato, ngoja namwinjika. Sijamaliza hata kunawa vizuri, sahani hii hapa! Nikasema moyoni, hapa kuna kitu. Chakula kinachoiva haraka hivi ama ni kiporo cha juzi ama kina dawa. Nikainuka nikaingia jikoni.

"Baba, unatafuta nini humu?"

"Natafuta ulichokificha."

"Nimeficha njaa yako, rudi ukakae."

Sikurudi. Nikasimama mlangoni nikamwangalia anavyompikia mteja aliyefuata, nipate kumkamata. Akamsafisha samaki mbele yangu, akatupa mashavu na matumbo, akakwangua ile ngozi nyeusi ya ndani ya tumbo, maana harufu yote wanayoikimbia watu wa ng'ombe inakaa pale. Akamsugua kwa chumvi na ndimu, akamsuuza. Kitunguu na nyanya zikatangulia chini ya sufuria, maji kidogo tu, samaki juu, kifuniko. Moto wa kawaida. Mwiko hakugusa hata mara moja, alikamata sufuria kwa matambara akaitikisa hivi, kama mtu anayepepeta. Nikamwuliza kwa nini hakorogi. Akasema, "Ukimkoroga unamvunja, ukimvunja miba inatembea." Jicho la samaki lilipogeuka jeupe na nyama ikaanza kuachana na mfupa, akaipua. Hakuna kingine. Nilikuwa nimesimama pale kumkamata mwizi, nikatoka na elimu. Sikumshukuru, nisije nikaonekana nilikuwa sijui.

Hivyo ndivyo utakavyompika. Nasema wewe, Masanja, si Holo. Usimlazimishe mwanamke kushika kitu kinachomtapisha. Pika nje, upepo ukupite, mlango wa nyumba umeufunga. Watakucheka watu wa Mkula, mwanaume na sufuria. Waambie umefiwa na mkono wa mke. Waambie chochote. Na mafuta usimimine kama wanavyomimina siku hizi, kila duka lina madebe ya mafuta ya nje ambayo hakuna anayejua yamekamuliwa kwenye nini. Kijiko kimoja cha mafuta ya pamba kinatosha, cha kulainisha kitunguu. Yale ya kukaangia jana na juzi na wiki iliyopita, meusi kama oili ya lori, waachie wenyewe.

Sasa habari ya kununua, na hapa fungua macho yote mawili, kama una la tatu fungua na hilo.

Siku hizi sangara mwenyewe hatumwoni. Viwanda vya Mwanza vinachukua minofu, minofu inapanda ndege, sisi tunabaki na mgongo na kichwa, ndiyo hayo mapanki. Sisemi ni mabaya. Panki bichi la leo linatoa mchuzi mzuri. Lakini yale yaliyoanikwa chini kwenye vumbi, yamegeuka manjano, usiyaguse, wala mtoto usimpe panki lolote, ni miba mitupu. Kwa mtoto tafuta kipande cha sangara wa mtumbwini, mwiba wake mkubwa, unauona, unautoa. Ukikosa, sato, nyama ya mgongoni, siyo ya tumboni. Uichambue kwenye sahani kwa vidole, siyo kwa macho. Jicho linadanganyika, kidole kinachomwa.

Kuna watu, sitaji jina, wanapaka damu kwenye mashavu ya samaki wa jana aonekane wa leo. Bwire alinijia na samaki wa hivyo, mashavu mekundu kama ya bibi harusi. Nikainama nikanusa. Mwanangu, mimi nimekulia chini ya ng'ombe, damu ya ng'ombe naijua hata nimefungwa macho.

"Bwire," nikamwambia, "huyu samaki wako alikuwa na pembe?"

"Pembe gani, mzee?"

"Nauliza tu. Alikuwa anachungwa na nani?"

Watu wakakusanyika. Bwire akacheka kicheko kile cha kupoteza muda. "Mzee, Msukuma na samaki wapi na wapi? Wewe nunua mkia wa ng'ombe uende zako."

"Mkia wa ng'ombe ndio ulioniambia. Osha hayo mashavu hapa mbele ya watu."

Akaosha. Yakawa ya kijivu kama majivu ya jana. Tangu siku hiyo Bwire akifika kwangu ananionyesha samaki mwenyewe kabla sijauliza, na wanasema mpaka wavuvi wa huko majini wakitaka kugombana wanatishana kwa jina langu. Kwa hiyo bonyeza kwa kidole, nyama irudi. Jicho liwe limejaa, lisiwe limeingia ndani. Na nusa. Usione aibu kunusa, aibu ni ya anayeuza.

Lingine ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Watu wananong'ona kwamba kuna wavuvi wanamwaga dawa majini, samaki anaelea tumbo juu, wanaokota. Kama ni kweli au ni maneno, mimi sijui, lakini samaki ambaye nzi wanamkwepa, na wewe mkwepe. Na wewe kazini utakaa karibu na stoo ya dawa ya pamba. Wenzako watakuja nyumbani na yale madumu matupu, mazuri, yana mfuniko, watakwambia osha tu kwa sabuni uwekee maji, uwekee mafuta, uwekee samaki. Sisi wakulima wa pamba ndivyo tulivyo, dumu zuri hatulitupi. Litupe. Litoboe kwanza lisije likaokotwa. Dumu hilo halioshwi, hata uliweke mtoni mwaka mzima. Na nguo uliyovaa stoo isiingie jikoni.

Nimesema hili la samaki upike wewe. Lakini utamwambiaje Holo ale? Hapa nisikilize, maana nimelipia.

Minza, baada ya ile supu ya chokaa, aliapa hatakula tena. Nami nikajifanya mjanja. Nikanunua dagaa, nikawatoa vichwa, nikawaosha mchanga, nikawakaanga kikavu bila mafuta, nikawatwanga mpaka wakawa unga. Nikauficha kwenye karatasi juu ya kenchi ya paa. Kila Minza akipika nsansa, yale majani makavu ya kunde na karanga, nasubiri atoke kuchota maji, nanyunyiza. Akawa anakula. Anasema, mboga ya leo tamu. Mimi nafurahi kama mbunge.

Siku moja akarudi ghafla, amesahau kata ya kuchotea. Akanikuta nimeinama juu ya chungu chake na karatasi mkononi, unga unadondoka.

Masanja, jiweke wewe pale. Mwanamke anamkuta mume wake anatia unga kwenye chungu cha mboga. Utamwambia ni dagaa? Nilimwambia ni dagaa! Akasema, "Dagaa anafichwa juu ya kenchi?" Akatoka anakimbia. Jioni wakafika kaka zake wote, na yule mkubwa ana fimbo yake ya kuchungia hajaiweka chini. "Shemeji, tumesikia unamlisha dada yetu dawa. Dawa ya nini? Amekukosea nini?" Nikaeleza lishe. Nikaeleza afya. Wakanitazama. Mkubwa akasema, "Basi lamba." Nikalamba. "Maliza." Nikamaliza karatasi nzima, unga mkavu, bila maji, nikakohoa mpaka machozi, wakasema anatubu.

Minza alikaa muda mrefu akinionjesha kila chakula kabla hajala yeye, na nikinyanyuka tu kwenda chooni ananifuata kwa macho. Mpaka leo nikisogelea jiko anasafisha koo. Wasiwasi ukishaingia kwenye chungu hautoki kwa kusugua. Mtu anayeshuku, na mimi ni wa kwanza kushuku, hashibi. Kwa hiyo Holo usimfiche. Mwambie, leo kuna samaki. Huyu hapa, nimemnunua mzima, mguse, mnuse kabla sijamwosha na baada ya kumwosha. Asipotaka, mpe mboga yake, msigombane. Kesho tena. Kwangu mimi, Minza alirudi kwa samaki kwa njia hiyo, siku niliyompika mbele yake mchana kweupe, nikaanza kula peke yangu, nikamwacha aniangalie kama nitakufa. Sikufa. Akavuta kigoda.

Dagaa nao ni wazuri, usiwadharau kwa udogo. Ila uwafanye waziwazi. Uwaloweke maji ya vuguvugu, mchanga ushuke, usuuze mpaka maji yawe masafi, uwakaange kikavu, kisha nyanya na karanga za kutwanga. Holo karanga anazipenda. Anzia kwenye kitu ambacho mtu anakipenda, halafu samaki aje kama mgeni, asije kama mwenye nyumba.

Na wewe pia kula. Najua koo lako linakumbuka. Kabula hawezi kuamini chakula ambacho baba yake anakisukuma pembeni ya sahani akidhani hakuna anayemwona. Mtoto anaona. Yule mtoto anaona kuliko mimi, na mimi naona mpaka kwa majirani.

Sasa lile lililobaki. Wiki ile wewe na Holo mlipokwenda Mkula kuangalia nyumba, mkamwacha Kabula hapa, mliporudi mlimkuta amekula samaki. Holo alishangaa, akasema, "Baba, ulimlishaje?" Nikakunja miguu nikasema, "Nilimtazama tu." Mkakubali. Nimesikia Holo ameshawaambia wanawake kisimani kwamba baba mkwe akimtazama mtoto, mtoto anakula. Sasa Holo naye anataka kwenda kumtazama mtoto hivyohivyo huko Mkula. Atamtazama mpaka lini?

Basi soma kisha uichane sehemu hii.

Nilimtazama kweli siku ya kwanza. Akanitazama na yeye, mdomo kaufunga kama mlango wa benki siku ya Jumapili. Nikabembeleza, hakuna. Minza alikuwa shambani. Nikapika mwingine, laini, nimechambua miba kwa vidole vyangu hivi, hakuna. Nikatazama vile vikono vyake, Masanja, nikakumbuka maneno ya nesi, nikaona huyu mtoto atatutoka mkononi huku mimi nimekaa na heshima zangu.

Nikashuka kwenye kiti. Nikapiga magoti, nikaweka na mikono chini, nikalia nyau.

Akacheka. Akachukua kipande, akanitia mdomoni, kisha akangoja nilie tena. Nikalia. Akala kimoja yeye. Nikalia, akanipa, akala. Tulimaliza sato mzima hivyo, nazunguka meza kwa magoti, na siku ya pili hivyohivyo, na siku ya tatu mzee wa kanisa aliingia bila hodi akanikuta chini nimefungwa kanga ya Minza kiunoni kuwa mkia. Nikamwambia natafuta sindano. Hakuamini, na Jumapili alipoomba sala alinitazama mimi.

Kwa hiyo ukifika Mkula funga mlango kwanza, halafu ushuke chini. Na ulie kwa nguvu. Ukilia kwa aibu hakupi.